Bango Si Waraka

Katika maofisi yetu limezoeleka neno hili: kwamba bango ni karatasi kubwa, na kwa kuwa ni kubwa basi na litiwe mengi. Neno hilo tumelisikia kwa miaka yote tuliyoutumikia umma, na mara nyingi tulinyamaza, maana mtumishi hufunzwa kunyamaza kabla hajafunzwa kuandika. Leo hatunyamazi. Twasema kwamba neno hilo si la kweli, na kwamba limeigharimu nchi karatasi, wino na fedha. Na lililo baya kuliko hayo, limewazoeza wananchi kupita mbele ya kuta zetu pasipo kuinua macho.

Tuanze na kisa kimoja. Ofisi moja tuliyofanya kazi iliagizwa kutoa bango la kuwahimiza watu wanawe mikono wakati wa kipindupindu. Kijana mmoja mchoraji, aliyekuwa akilipwa kwa kibarua, alileta mchoro wake: viganja viwili vimekingwa chini ya maji yatiririkayo kutoka katika kibuyu, nyuma yake rangi ya samawati tupu, na chini kabisa maneno mawili tu, "Nawa kwanza". Kamati ikakaa. Wa kwanza akasema sabuni haionekani. Wa pili akataka dalili za ugonjwa ziorodheshwe. Wa tatu akakumbusha nembo ya idara, na nembo za wafadhili, ambao walikuwa wanne. Wa nne akauliza, kwa upole mwingi, kama haingekuwa jambo la heshima kumweka mgeni rasmi atakayezindua kampeni. Nasi, tukiri dhambi yetu, tulichangia ubeti wa mishororo minne wenye vina na mizani kamili, tukatoka kikaoni tukijiona tumefanya jambo. Bango lilipotoka kiwandani viganja vya yule kijana vilikuwa vimebaki kadiri ya stempu ya barua, pembeni, chini ya nembo.

Siku chache baadaye tulikwenda kulibandika sokoni. Bibi mmoja muuza mboga alilitazama kwa muda, kisha akauliza, "Wanangu, huyu bwana anagombea nini?"

"Shikamoo, bibi. Hagombei. Hili ni bango la kipindupindu."

"Marahaba. Mimi nimeona sura ya mtu na maneno mengi, nikadhani uchaguzi umefika."

Bibi yule hakuwa mjinga. Alilisoma bango sawasawa kuliko kamati nzima, kwa kuwa alilisoma kama bango lisomwavyo: kwa mtupo mmoja wa jicho, akiwa na mafungu ya mchicha mkononi na wateja mbele yake. Aliona lililokuwa kubwa, nalo lilikuwa ni uso wa mgeni rasmi. Mengine yote yalikuwa waraka, na waraka hausomwi sokoni.

Ni tangu siku ile tulipoanza kutafuta habari za watu waliopata kuishughulikia kazi hii kwa akili. Na katika kutafuta huko hakuna aliyetushika zaidi ya Edward McKnight Kauffer, Mmarekani aliyefanya kazi Uingereza kati ya vita vikuu viwili. Twajua kwamba kumtaja mgeni katika kitabu cha utamaduni wa taifa kutawaudhi baadhi ya wenzetu. Na waudhike kidogo, mbele tutawajibu.

Mtu huyu alizaliwa mwaka 1890 huko Great Falls, katika jimbo la Montana, nyumbani kwa watu wasio na mali. Alianza kwa kuchora mapazia ya majukwaa ya maigizo. Jina la McKnight halikuwa la ukoo wake. Alilitwaa ili kumshukuru Profesa Joseph McKnight wa Utah, aliyemsaidia kwa fedha akasome sanaa Paris. Mwaka 1913, akiwa Chicago, aliona maonyesho ya sanaa mpya ya Ulaya iliyokuwa ikiwatia watu hasira na kicheko; na alipopita Munich aliyaona mabango ya Ludwig Hohlwein, yaliyochorwa kwa mapande mapana ya rangi pasipo vivuli vingi. Vita vya 1914 vikamtoa Paris na kumtupa Uingereza, mahali asipokuwa amepanga kukaa. Alikaa hadi 1940.

Huko London alikuwako mtu aliyeitwa Frank Pick, mwanasheria kwa mafunzo, mtumishi wa kampuni ya reli zipitazo chini ya ardhi, aliyekabidhiwa shughuli za matangazo mwaka 1908. Twaomba msomaji alishike jina hilo, kwani katika hoja yetu Pick ana uzito uleule wa Kauffer. Alikuwa mtu wa mezani na majalada, kama sisi, hakuwa msanii. Lakini alijua anachotaka, alikitazama kwa macho yake mwenyewe, akakubali au kukataa, na hakumtuma mchoraji kwa watu tisa. Mwaka 1915 alimpa Kauffer kazi ya kwanza, mabango ya kuwaalika watu wa mjini watoke wakatembee mashambani na misituni. Kwa muda wa robo karne Kauffer aliichorea reli hiyo, na shirika la umma lililoirithi mwaka 1933, mabango yazidiyo 100.

Lakini bango lililomtangaza halikuanza kama bango. Mwaka 1916 alichonga katika ubao picha ya ndege warukao. Si ndege kama wachorwavyo katika vitabu vya shule, mwenye jicho, manyoya na miguu. Ni mabawa yaliyokatwa kwa pembe kali, yakipishana, meusi na meupe, hata hujui bawa hili ni la ndege gani, wala huna haja ya kujua. Uonacho ni kuruka kwenyewe. Mwaka 1919 gazeti la Daily Herald, lililokuwa gazeti la wafanyakazi, lilikuwa likirudi kutoka kila siku baada ya vita. Francis Meynell aliinunua picha ile, ikatolewa kuwa bango kubwa: ndege wamejikusanya juu, chini yao uwanja mpana wa rangi ya manjano usio na kitu, na chini kabisa jina la gazeti pamoja na maneno machache ya kulisifu kuwa ndiye ndege aamkaye mapema.

Tuusimamie kidogo uwanja huo wa manjano, kwa kuwa ndio wenye fitina. Afisa wetu yeyote angeuona angesema, "Nafasi hii mbona imepotea bure?" Angetaka bei ya gazeti iwekwe hapo, jina la mhariri, anwani, na pengine salamu za mwaka mpya. Wala isingemjia kwamba ndege hawawezi kuruka pasipo anga. Mtu aliyekuwa akitembea katika barabara ya London mwaka ule, baada ya vita vya miaka minne na mauti yasiyohesabika, aliona ukutani kundi linapaa. Kabla hajasoma herufi moja alikwisha kuambiwa kwamba kuna kitu kinaanza. Hiyo ndiyo kazi ya nafasi tupu. Sisi tutungao mashairi tungepaswa kuwa wa kwanza kuielewa. Nani asiyejua kwamba kituo ni sehemu ya mshororo, na kwamba mghani asiyevuta pumzi huua hata beti njema? Lakini tukishaingia kikaoni twasahau ushairi wetu mlangoni pamoja na miavuli.

Wapo wasemao kwamba Kauffer aliiga tu wachoraji wa Paris, wale waliokuwa wakivunja gitaa na chupa vipande vipande juu ya turubai. Ni kweli alijifunza kwao, na kwa wenzao wa London waliopenda pembe na mwendo wa mashine. Lakini tofauti ni kubwa, nayo ndiyo iliyomfanya kuwa bwana wa mabango badala ya mfuasi wa mtindo. Wale walilivunja umbo ili walichunguze, na mtazamaji alikuwa na siku nzima ya kusimama mbele ya picha. Yeye alilivunja ili lifike upesi. Abiria ashukaye ngazi za stesheni ana nukta chache. Hawezi kupewa sura kamili ya mambo, basi apewe kile kilicho kikali kuliko vyote katika sura hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 alichora mabango ya kuwaambia watu wasafiri kwa reli ya chini wakati maduka yanapopunguza bei katika majira ya baridi. Duka halionekani. Bidhaa haionekani. Iko mvua iliyochorwa kwa mistari ya mshazari, uko upepo uzungukao kama kamba, na wako watu walioinama na miavuli yao, nusu watu na nusu dhoruba. Ukilitazama bango hilo wajikunyata, na ukishajikunyata umekwisha kushawishika kupita chini ya ardhi. Hoja yake imekamilika, nayo haikutumia hoja.

Kadhalika alipotakiwa kuialika jamii kwenye Makumbusho ya London, mwaka 1922, alichora moto: ule moto mkuu ulioiteketeza London mwaka 1666, ndimi zake zimepanda kwa pembetatu kali. Na mwaka 1930, kwa ajili ya reli hiyohiyo, alichora nguvu ya umeme: mkono wenye ngumi watokea katikati ya gurudumu, nyuma yake mabomba ya moshi ya kituo cha umeme. Mtu aliyezoea mabango ya sampuli yetu angechora mhandisi aliyevaa kofia ngumu, anatabasamu, anaonyesha kidole.

Hapa yafaa tumtaje Aldous Huxley, mwandishi Mwingereza. Mwaka 1937 jumba la sanaa ya kisasa la New York liliyaonyesha mabango ya Kauffer, na Huxley akaandika utangulizi wa kitabu cha maonyesho. Maoni yake, kwa ufupi, ni haya: wachoraji wengi wa matangazo hutumia vivutio visivyohusiana na kitu kinachotangazwa, wakaweka mwanamke mzuri au nyumba ya tajiri kando ya bidhaa ili tamaa ya hiki iambukize kile; Kauffer alichagua njia iliyo ngumu zaidi, ya kuutafuta mfano utokanao na kitu chenyewe. Sisi twaikubali kauli hiyo, tena twaikubali kwa aibu. Mgeni rasmi katika bango la kipindupindu ni nini kama si mwanamke mzuri kando ya sabuni? Tumekopa hadhi ya uso wake tukidhani itayapaka maji utakatifu. Maji hayakuhitaji. Maji yana nguvu zake, na yule kijana alikwisha kuyaonyesha.

Wala tusimfanye Kauffer malaika. Alipoichorea kampuni ya mafuta ya Shell, chini ya Jack Beddington, alitoa mabango mazuri ya kubandikwa ubavuni mwa malori, yaonekane barabarani yakiwa mbioni. Katika hayo mna yale yaliyodai kwamba waigizaji huyapendelea mafuta hayo, na wachezaji wa kiinimacho vilevile. Picha ni kali, sura imejengwa kama kinyago. Lakini muigizaji ana elimu gani ya petroli? Hapo mtu wetu aliianguka kanuni ileile ambayo Huxley alikuja kumsifia. Twalisema ili ijulikane kwamba hatuandiki wasifu wa mtakatifu.

Na liko kubwa zaidi, ambalo ndilo watakaloturushia wenzetu. Mwaka 1926 serikali ya Uingereza iliunda bodi ya kuhimiza biashara ya himaya yake, nayo ikadumu hadi 1933. Pick ndiye aliyeongoza kamati ya mabango ya bodi hiyo, na Kauffer alikuwa miongoni mwa waliochora: kakao, ndizi, utajiri wa nchi za joto, vyote vikingojea kuliwa London. Je, mtu wa namna hiyo ndiye tujifunze kwake? Swali ni la haki, nasi hatulikwepi. Tutalizidishia hata makali.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 bodi hiyohiyo ilitoa mabango mawili ya msanii mwingine, Adrian Allinson, juu ya uchukuzi katika Afrika Mashariki. La kwanza lilionyesha namna ya kale: watu wetu wamebeba mizigo vichwani. La pili lilionyesha namna mpya: magari. Mwingereza apitaye njiani alitakiwa aone mara moja kwamba kale ni sisi na upya ni yeye. Sasa, mkazi yeyote wa Dar es Salaam na aulize jina la Kariakoo limetoka wapi. Limetokana na kikosi cha wapagazi cha jeshi la Waingereza katika vita vya 1914 hadi 1918, vita ambavyo watu wa nchi hizi walikusanywa kwa malaki, na mamlaka za pande zote mbili, wakabebeshwa risasi na vyakula vya majeshi ya kigeni, na makumi ya maelfu hawakurudi makwao. Haikupita miaka ishirini, mzigo uleule ukachorwa kama desturi yetu ya asili ambayo himaya ilitujia kwa huruma kutupunguzia. Huo ni uongo, na ni uongo uliochorwa vizuri.

Lakini angalieni hoja hiyo yaelekea wapi. Wenzetu husema: sanaa hii ilitumikia uongo, basi tuiache. Sisi twasema: sanaa hii ina nguvu hata uongo wake ulivuka bahari na kukaa katika vichwa vya watu miaka mingi, basi ni wazimu kuiachia. Mwenye kuutupa mkuki kwa sababu adui aliutumia hajamdhuru adui. Kubatilisha mabango mawili ya Allinson hakuhitaji kitabu cha kurasa 300, ambacho kitasomwa na waliokwisha kuamini. Kunahitaji bango la tatu, lenye mpagazi mmoja, mzigo mmoja, na herufi za Kariakoo. Nani kati yetu amelichora? Tumekaa tukiwalaumu waliotuchora, huku kalamu ipo mezani.

Tuje kwa hoja ya pili, ile isemwayo kwa sauti ya huruma: kwamba wananchi hawaelewi michoro ya namna hii, kwamba mtu wa kijijini ataka kuona kitu kamili, kuku awe kuku na manyoya yake yote, na maelezo yaandikwe, la sivyo atapotea. Hoja hii ndiyo ituchomayo zaidi, kwani ndani ya huruma yake mna dharau. Waisemao wametoka vijijini humohumo. Walilala utotoni wakisikiliza bibi zao wakitega vitendawili. Waliambiwa juu ya nyumba isiyo na mlango, wakajibu bila kusita kuwa ni yai. Mtoto wa miaka mitano ayajua hayo. Jamii inayomfunza mtoto kuliona yai katika nyumba isiyo na mlango haihitaji kuelezwa kwa maneno mia mbili kwamba mikono chini ya maji maana yake ni kunawa. Kitendawili ni Kauffer kabla ya Kauffer: chaficha kitu kizima, chaonyesha alama moja iliyo kali, na furaha ya kukitegua ndiyo ikifanyayo kisisahaulike. Ukimpa mtu kitendawili pamoja na jibu lake umemnyima vyote viwili.

Tena tuitazame kanga. Ina pindo, ina mji, ina jina. Pindo huzuia, mji hubeba umbo, na jina ni mstari mmoja wa herufi kubwa, pengine maneno manne au matano, na maneno hayo yametosha kuvunja urafiki, kuomba radhi, kumkemea wifi na kumliwaza mfiwa. Hatujapata kuona kanga yenye aya tatu za maelezo na nembo za wafadhili. Wanawake wa pwani, ambao wengi wao hawakuketi katika kamati yoyote, wamekuwa wakichagua na kuvaa mabango kwa zaidi ya karne moja, nao wajua kwamba jina likizidi urefu halisomeki mvaaji akiwa mwendoni. Ni elimu ileile ya malori ya Beddington. Kwa hiyo watuambiao kwamba ufupi na ukali wa umbo ni mambo ya kizungu watuwie radhi. Twadhani wao ndio waliozama katika uzungu wa aina yake, uzungu wa majalada, ambao Waingereza wenyewe walituachia kwa ukarimu walipokuwa wakiondoka.

Na serikali yetu iliwahi kulijua jambo hili. Kampeni ya afya ya mwaka 1973 iliitwa Mtu ni Afya. Ile ya chakula ya mwaka 1975 iliitwa Chakula ni Uhai. Maneno matatu, na matatu. Kazi kubwa ilifanywa kwa redio na kwa vikundi vya kusoma vijijini, vitabu vilikuwapo kwa watakao maelezo. Lakini jina lilisimama peke yake kama jina la kanga, na wako watu wazima hadi leo walitamkao bila kufikiri. Kwa nini, basi, vizazi vilivyofuata vya maofisa, wenye mashine za kuchapa zilizo bora mara kumi, wamerudi katika wingi wa maneno? Twaamini sababu ni hofu tu. Afisa aliyeweka kila kitu hawezi kulaumiwa kwamba kitu fulani hakimo. Bango lililojaa halikusudiwi kusomwa na mwananchi. Limekusudiwa kumlinda mtiaji saini. Aliyeweka viganja viwili na rangi ya samawati amesimama peke yake, na bango likishindwa anajulikana.

Pick alikubali kujulikana. Hilo ndilo tulilomaanisha tulipotaka jina lake lishikwe. Pamoja na kipaji chake chote, Kauffer hakuweza kitu pale alipomkosa mtu wa namna hiyo. Mwaka 1940, vita vilipoifikia Uingereza, alirudi Marekani pamoja na Marion Dorn, msanifu wa mazulia na vitambaa. Jina lake lilikuwa kubwa. Miaka mitatu tu nyuma alikuwa ameonyeshwa katika jumba lile la New York. Lakini huko alikuta matangazo yamo mikononi mwa makampuni ya wakala: mchoro hupita meza hii na ile, kila meza ikikwangua kidogo, hata mwenye mali hamwoni mchoraji na mchoraji hamwoni mwenye mali. Mtu aliyezoea kuketi na Pick au Beddington ana kwa ana akawa kama mvuvi aliyeletwa milimani. Alichora mabango ya kusaidia nchi zilizovamiwa, alichora majalada ya vitabu, na baada ya vita shirika la ndege la American Airlines lilimpa mfululizo wa mabango ambayo baadhi yake ni mazuri kweli. Lakini nguvu ile ya London haikurudi, naye alifariki New York mwaka 1954, kabla ya kutimiza miaka 64. Wala mkono wake haukuwa umeharibika; uliharibiwa mlolongo wa mikono mingine iliyopita juu yake. Tumewaona vijana wetu wakifa kifo hichohicho wakiwa hai, nao wana miaka 25.

Yule wa viganja aliacha kuchorea ofisi. Alifungua kibanda cha kuandika vibao vya vinyozi na kuchora mabodi ya magari ya abiria, na tukipita hapo twaona kazi ambayo haijapitishwa na mtu yeyote: kichwa kimoja, mkasi mmoja, rangi mbili. Wateja wanamlipa papo hapo. Tulipomwomba aje tena atuchoree bango alicheka, akauliza, "Mzee, mtakuwa wangapi?"

Swali hilo tumelichukua kama maazimio ya mkutano, na haya ndiyo twayataka. Mchoraji aitwe kabla maneno hayajaandikwa, wala si baada ya maneno kukamilika ili atafute pa kuyapenyeza. Aelezwe jambo moja ambalo bango litafanya, na mwelezaji akishindwa kulitaja kwa sentensi moja basi arudi akafikiri. Maelezo yote mengine, nayo yana haki yake, yatiwe katika vijitabu, redioni, na katika vinywa vya mabwana na mabibi afya, ambao hulipwa kwa ajili hiyo. Jina la mchoraji liandikwe kwenye bango, kama Kauffer alivyoandika lake, na jina la afisa aliyelipitisha liandikwe jaladani, la mtu mmoja, si la kamati. Nembo zikae nyuma ya karatasi, upande wa gundi. Mgeni rasmi apewe kiti, maua na kipaza sauti. Na kamati, kama bado inaona iko haja, ikae siku ya tatu baada ya bango kubandikwa; ila ikae sokoni, karibu na yule bibi wa mchicha, na chai yake ijilipie.